Sokoni Asubuhi, Roketi Alasiri

Ukitaka kurusha roketi na watoto wa mtaa wako, usingoje Jumamosi iliyo tupu. Watu wengi huniambia wangependa sana kufanya jambo kama hilo, ila wanasubiri wapate siku isiyo na soko, isiyo na harusi, isiyo na mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Siku hiyo hapa Mombasa haiji. Jumamosi ndiyo siku ya kujaza mtungi wa gesi, kwenda Kongowea, kumchukulia mama dawa za presha, kufuata leso Biashara Street, kumlipa fundi deni lake, na jioni bado kuna mwaliko. Nimeona kwamba roketi hufaulu zaidi ikipangwa ndani ya shughuli hizo hizo. Kila unachohitaji kinauzwa njiani. Na kila mtu unayemhitaji, kuanzia fundi bomba hadi mzee wa mtaa, mtakutana ukiwa na kikapu mkononi.

Naandika kwa ajili ya mzazi, mwalimu au kijana mwenye hamu ambaye hajui aanzie wapi. Sisi hurushia Kisauni, kwenye uwanja wa shule ya msingi, na wanaokuja ni watoto wa rika zote pamoja na wazazi wao, na wazee ambao husema wamekuja kuwaangalia wajukuu lakini wakishafika hawataki kuondoka.

Kwanza tuelewane ni roketi gani. Ninayoizungumzia ni ya chupa ya soda, maji, na upepo wa pampu. Zile za baruti zinazouzwa ng'ambo ni nzuri, na historia yake hunifurahisha. Mmoja wa waanzilishi wake Marekani, mwaka 1954, alikuwa muuza viatu wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, jina lake Orville Carlisle. Yeye alipenda fataki, na ndugu yake alipenda kuunda ndege ndogo. Wakaunganisha mapenzi yao wakapata roketi ndogo inayoruka na kurudi salama kwa parachuti. Mtu wa duka la viatu! Injini za roketi hizo huandikwa alama kama C6-5: herufi inaonyesha kiwango cha msukumo wote kwa jumla, nambari ya kwanza ni wastani wa nguvu kwa nyutoni, na ya mwisho ni sekunde zinazopita, baada ya msukumo kwisha, kabla parachuti kutupwa nje.

Lakini ndani ya injini hizo mna baruti, na sheria ya Kenya kuhusu vilipuzi inataka leseni na vibali kwa anayetengeneza au kuagiza. Kwa hiyo usimtume jamaa anayerudi safari akuletee mkobani, na usimwache kijana yeyote akwangue viberiti au achanganye mbolea jikoni kwa jina la sayansi. Hapo sina masihara. Mtoto aliyepoteza vidole harudishiwi vidole vyake na mtu yeyote. Maji na upepo vinatosha kabisa kuipeleka chupa juu kuliko minazi, na watoto watajifunza yale yale.

Haya, twende sokoni.

Mimi huanza Kongowea alfajiri, kabla ya jua kukaza na kabla ya magari ya mizigo kuziba njia. Nikimaliza nyanya, vitunguu na ndizi za kupika, napita kwa wanaouza chupa tupu, zile ambazo watu hununua za kutilia mafuta, asali au maji ya madafu. Hapo ndipo uwe makini. Taka chupa ya soda, ile iliyotengenezwa kuhimili gesi, yenye kitako cha vijiguu vitano vilivyoviringana. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, itapasuka. Ya juisi isiyo na gesi vilevile haifai, hata ikiwa ngumu mkononi. Iinue juani uitazame: ikiwa na mkwaruzo mrefu, mkunjo, au mahali palipofanya weupe kama ukungu, iache. Iliyoanikwa juani kwa muda mrefu nayo iache, maana jua hudhoofisha plastiki bila kuonyesha alama. Chupa za lita mbili ni nzuri kwa watoto wakubwa. Kwa wadogo, nusu lita inatosha na inawaogopesha kidogo tu. Nunua za ziada.

Usifungashe chupa zote ukazipeleka nyumbani. Tembea na moja mkononi siku nzima, kwani itakusaidia kwenye duka la vifaa. Mdomo wa chupa ya soda una upana wa kama milimita 22 kwa ndani, na bomba la maji la nusu inchi karibu linaingia sawasawa. Nasema karibu, kwa sababu "nusu inchi" ya aina moja ya bomba si nusu inchi ya aina nyingine. Lijaribu bomba pale pale mbele ya muuzaji. Likiingia kwa kusukumwa kidogo tu, umepata. Likipwaya sana, omba aina nyingine. Na chupa hiyo mkononi inafanya kazi ya pili: muuzaji atakuuliza.

"Hili bomba ni la nini, ndugu yangu?"

Mwambie kweli. Mwambie ni la roketi, saa kumi na nusu, uwanja wa shule, aje na wanawe. Katika kutaja huko ndimo nilimopata watu wa maana kuliko tangazo lolote la kubandika ukutani. Kuna fundi bomba mmoja aliyekuwa amesimama kwenye foleni nyuma yangu akinunua gundi, akasikia, akachukua bomba akaligeuzageuza, akaniambia pete ya mpira ninayotaka kuzibia upepo haitakaa bila mfereji. Akaenda kulipasha moto taratibu kwenye jiko la muuza kahawa hapo nje, akalisukuma kidogo kutoka ncha zote mbili hadi likavimba mahali pamoja tu, uvimbe mdogo wa kuziba mdomo wa chupa barabara. Tangu hapo kirushio chetu hakivuji. Hakutaka malipo, alitaka kuambiwa ni saa ngapi.

Nieleze kirushio chenyewe, maana ndicho kinachowashinda wengi. Bomba linasimama wima, limefungwa kwenye ubao mzito. Chupa inageuzwa kichwa chini, bomba linaingia mdomoni mwake hadi uvimbe ule uzibe. Kuzunguka bomba unafunga kebo tai nane hivi (vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya), vichwa vyao vikiwa juu, vikikamata ule ukingo wa shingo ya chupa. Juu ya kebo tai hizo unavisha kipande cha bomba pana ambacho kinazibana zisifunguke. Kipande hicho kina kamba ndefu. Ukivuta kamba, kipande kinashuka, kebo tai zinafunguka nje, chupa inaondoka. Chini, bomba linapiga kona na kuunganishwa na mpira mrefu hadi kwenye vali ya tairi, na hapo ndipo pampu inapoingia. Vifaa vyote hivyo unavipata mtaa mmoja pale Mwembe Tayari, na vinabaki nawe miaka.

Vali na pampu ni za fundi wa baiskeli. Vali ya tairi lisilo na tyubu ndiyo bora, ile yenye nati ya kukazia. Pampu iwe ya kusimama chini, ya kukanyagwa miguuni na kusukumwa kwa mikono miwili, na iwe na geji. Hili la geji ni sharti. Anayesukuma upepo kwenye chupa bila kuona kipimo anabahatisha na macho ya watoto wa watu. Fundi wetu hutuazima pampu yake kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awe ndiye mpampu, na sharti hilo nalipenda. Mtu aliyetia upepo maelfu ya tairi anajua kusikia chombo kinapolalamika.

Baada ya hapo huenda kuchukua leso. Mwenye harusi mwezi ujao anajua kwamba Biashara Street huwezi kwenda ukarudi upesi; lazima utandaziwe doti baada ya doti, na uyasome majina ya leso yote hata kama umeshachagua. Sitasema zaidi juu ya hilo, ila karibu na hapo, kwenye vijia vya kuelekea Marikiti, huwa wako mafundi wa miavuli na viatu vibarazani. Kwa fundi wa mwavuli ndiko nipatako parachuti. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya, ile nailoni nyepesi ambayo miongozo mingi hushauri haipo tena, na bora haipo. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu ni chepesi, hakiloani upesi, na tayari kimekatwa pembe nane. Mwavuli mmoja mkubwa ni mzito kwa chupa moja, kwa hiyo kata duara la kati, upana wa kama sentimita 60, funga nyuzi nane za urefu sawa, uziunganishe mwisho. Fundi atakupa bure au kwa bei ya chai, akijua unakipeleka wapi.

Mtungi wa gesi, dawa, unga wa kusaga: hivyo fanya unavyofanya siku zote. Ila panga njia yako ili ya mwisho kabla ya kufika nyumbani iwe kwa mzee wa mtaa.

Ruhusa si jambo la kuachia dakika za mwisho, na kwa kweli sehemu yake kubwa inatakiwa imalizwe wiki moja kabla. Mwalimu mkuu ndiye mwenye uwanja. Mwandikie barua fupi ya kueleza nani atasimamia, saa ngapi mtaanza na kumaliza, na kwamba mtaacha uwanja safi. Naibu wa chifu na mzee wa mtaa wajue. Na majirani wajue, hasa wajue kuhusu mlio. Chupa ikipasuka kwa upepo hulia mlipuko mkali kama wa risasi, na mtaani kwetu mlio kama huo unaweza kuwatoa watu mbio, ukamwangusha mjamzito, ukaleta gari la polisi. Mkijulishana mapema, ukilia watu watauliza tu, "Ni ile ya watoto?" na kuendelea na mambo yao. Mimi hupita nyumba zinazopakana na uwanja asubuhi ile ile, nikiwa na mboga zangu mkononi, nabisha hodi, nasalimia, nasema. Watu wa Pwani hawapendi kushtukizwa, lakini ukiwapa heshima ya kuwaambia, watakutolea hata viti.

Uwanja wenyewe uchague mbali na uwanja wa ndege wa Moi. Upande wa Changamwe na Port Reitz ndege hupita chini zikitua, kwa hiyo huko usirushe chochote. Epuka pia viwanja vilivyokatizwa na nyaya za stima, na vilivyozungukwa na paa za makuti, kwa sababu kutoa chupa ndani ya makuti bila kuharibu paa la mtu ni kazi ya fundi.

Saa tunayopendelea ni baada ya swala ya alasiri. Watoto wa madrasa wamesharudi, akina mama wamemaliza chakula cha mchana, na upepo wa bahari ambao hukaza mchana huanza kupungua. Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo una muda wa kutosha kabla ya maghrib. Masika usijaribu. Miezi ya kusi, Julai na Agosti, ni mizuri kwa likizo lakini upepo ni wa kuuheshimu.

Tukishakula mchana, watoto huja barazani kuunda. Usiwaundie. Wape makasi, teipu, faili za plastiki za kutengenezea mapezi, na udongo wa mfinyanzi wa kutia kwenye ncha, kisha ukae ukiwatazama. Nina makatazo matatu tu hapo. Wasitoboe chupa. Wasitumie gundi ya moto wala msumari wa moto karibu na chupa, maana joto hulainisha plastiki na hapo ndipo itakapopasukia. Na mapezi yasiwe ya karatasi ngumu ya boksi. Yataloa yalegee kabla ya kuruka.

Kinachofaa kuwafundisha kwa utulivu ni mizani. Roketi inayokwenda wima ni ile ambayo uzito wake uko mbele ya mahali upepo unapoishika. Uzito unaupata kwa kuilaza roketi kavu juu ya kidole hadi itulie. Tia alama hapo. Mahali upepo unaposhika unapapata kwa kuchora umbo lake lote, pamoja na mapezi, kwenye karatasi ngumu, kulikata, na kulilaza hilo umbo kwenye kidole vilevile. Alama ya kwanza inatakiwa iwe karibu na ncha kuliko ya pili, kwa umbali usiopungua unene wa chupa. Ikiwa siyo hivyo, ongeza udongo kwenye ncha au kuza mapezi. Kisha fungeni uzi kwenye alama ya uzito, mtu mmoja azungushe roketi hewani juu ya kichwa chake. Ncha ikitangulia, iko tayari. Ikigeuka ikaenda kitako mbele au ikapindukapinduka, irudi barazani. Kuna msichana mmoja wa gredi ya sita ambaye alikataa kurusha roketi yake hadi ipite jaribio hili, wenzake wakimharakisha, akikata na kubandika pezi moja tena na tena kimya kimya. Ilipokubali alikwenda kuwazungushia wengine zao bila kuombwa. Mtoto wa aina hiyo mpe cheo mara moja. Sisi tulimfanya mkaguzi, na hakuna roketi iliyofika kwenye kirushio bila yeye kuizungusha.

Uwanjani, jambo la kwanza ni mahali pa kuwaketisha watu. Roketi ikiwa na mapezi hupenda kuelekea upepo unakotoka, na ikishafungua parachuti hurudishwa na upepo huo huo. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki, na jua la alasiri liko magharibi. Ukiwaketisha watu upande unakotoka upepo watatazama juu na jua likiwa machoni. Sisi huwaketisha upande wa kusini-magharibi, kando ya mstari wa upepo: unapita mbele yao, na jua liko nyuma ya mabega. Weka kamba ya nguo kama mpaka, mita 15 kutoka kwenye kirushio, na mpe mtu mzima mmoja kazi ya kulinda kamba hiyo tu, asiwe na kazi nyingine. Akina mama wa mihogo ya kukaanga na viazi karai waweke jiko lao nyuma kabisa ya watu. Watakuja, hata usipowaita, na ni baraka.

Sasa nguvu. Geji nyingi za pampu huandikwa kwa PSI, kipimo cha mgandamizo wa upepo. Kikomo chetu ni 60, yaani kama bar 4. Chupa mpya ya soda huhimili zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini chupa yako imekwishaanguka, imekwishaloa, imekwishatumika, na hakuna sababu ya kuutafuta mwisho wake mbele ya watoto. Kijana mmoja lazima atasema, "Ongeza, ami, hadi mia!" Jibu ni hapana, na jibu lisibadilike. Ili waelewe kwa nini, wafanyieni hesabu: upepo wa bar 4 ukisukuma maji kupitia mdomo wa milimita 22, nguvu ya mwanzo inafikia karibu nyutoni 300, sawa na inayohitajika kuinua mzigo wa kilo 30. Haidumu hata sekunde moja, lakini inatokea kwenye kitu chepesi kilicho karibu na nyuso zao. Kwa hiyo hakuna anayeinama juu ya kirushio chenye upepo. Mpampu avae miwani ya kukinga macho, na mpira uwe na urefu usiopungua mita 5. Kamba ya kuvuta iwe ndefu zaidi. Ikikwama, msiisogelee, toeni upepo kupitia vali kule mwisho wa mpira, mngoje geji isome sifuri, ndipo mwende. Na ikirudi bila parachuti kufunguka, hakuna kuidaka. Watoto wote wanaocheza mpira hutaka kuidaka.

Kiasi cha maji ndilo somo tamu kuliko yote, na ni kosa kulimaliza kwa kuwaambia jibu. Waache warushe moja kavu kabisa. Itaruka kidogo na kudondoka, kwa sababu upepo peke yake ni mwepesi na roketi haina kitu kizito cha kukisukuma nyuma. Kisha waijaze hadi karibu kufurika. Itanyanyuka kwa uvivu, iwaloweshe, ianguke, kwani upepo haukupata nafasi ya kujikusanya. Kisha nusu, kisha theluthi, kisha robo. Wenyewe watagundua kwamba mahali pazuri ni kati ya robo na theluthi, na watabishana. Ubishi huo ndio nilioufuata mimi tangu alfajiri. Mtoto wa darasa la nne akimwambia kaka yake "umetia maji mengi, upepo hauna pa kukaa," ameeleza jambo ambalo watu wazima wengi hawajawahi kulifikiria.

Ili ubishi uwe na haki, pimeni. Chukua kipimapembe cha shule, bandika mrija kwenye upande ulionyooka, ning'iniza uzi wenye kokoto katikati. Msomaji asimame mita 30 kutoka kwenye kirushio, alenge roketi kwa mrija inapofika juu kabisa, abane uzi kwa kidole, asome. Anayelenga mbele moja kwa moja uzi wake uko kwenye 90, kwa hiyo atoe alichosoma kutoka 90 apate pembe ya kupanda. Pembe ikiwa 45, roketi imefika mita 30 juu ya jicho lake. Ikiwa 60, imefika kama mita 52. Wa sekondari watatumia tanjenti. Wadogo wachore pembetatu kwenye daftari, sentimita 1 kwa kila mita 5, wapime kwa rula. Weka wasomaji wawili, pande mbili tofauti, uchukue wastani, kwa sababu roketi haiendi wima kabisa na mmoja atapata zaidi ya mwingine. Andikeni matokeo ubaoni kwa chaki: jina, maji, upepo, urefu. Hapo wazazi ambao walikuwa wanapiga soga husogea karibu.

Na jitayarishe kwa swali ambalo haliepukiki: "Na sisi Kenya tumewahi kurusha roketi ya kweli?" Ndiyo. Tena si mbali. Nenda Malindi, kama kilomita 120 kaskazini yetu, ukawaulize wazee. Baharini huko, kwenye ghuba ya Ungwana, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilipaa kutoka hapo hadi kwenye anga za mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, iliondoka pale setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti wake alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Palichaguliwa pwani yetu kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapewa kasi hiyo bure, na mbele yake kuna bahari tupu. Baadaye kabisa, Aprili 2023, Kenya ikapata Taifa-1, setilaiti yake ya kuchunguza dunia, ingawa hiyo ilirushwa kutoka Marekani.

Hadithi hii nawasimulia wakati chupa inapojazwa upepo, si kabla. Mtoto anayemtazama fundi akipampu anaelewa vizuri zaidi mashariki ni wapi na bahari ni ya nini. Kuna mzee mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua mjukuu wake, aliyewahi kufanya kazi Malindi wakati huo, akaanza kueleza jinsi mashua zilivyokatazwa kusogea siku ya kurusha. Hata mimi sikuwa nimewahi kuyasikia hayo kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwepo. Waulizeni wazee wenu. Wako barazani, na hakuna anayewauliza.

Roketi moja itanasa juu ya bati la mtu. Ndiyo kawaida. Aende mtu mzima, abishe hodi, aombe ngazi. Ikinasa kwenye waya wa stima, iacheni hapo na mpige simu kwa kampuni ya umeme. Hakuna fimbo, hakuna jiwe, hakuna kupanda. Chupa ambayo imeruka mara nyingi au imepigwa na kokoto, ikunje mbele ya watoto ili isirudi tena kwenye foleni, uitie kwenye gunia la wanaokusanya plastiki. Saa kumi na mbili na robo funga kazi, hata kama wanalia. Mpe kila mtoto sehemu yake ya uwanja ya kuokota takataka, na usiondoke mpaka uwe umeitazama mwenyewe.

Pampu irudi kwa fundi jioni ile ile. Kwanza mwaga maji yaliyorudi ndani ya mpira, ipampu mara kadhaa ikiwa tupu, ipake mafuta kidogo kwenye fimbo yake, maana maji na hewa ya chumvi ya huku vitaifanyia kutu kabla ya wiki kuisha. Kirushio chetu sisi hukaa kwa fundi bomba, na jirani wa mtaa wowote akitaka kukiazima anakwenda kumwona yeye. Jumatatu mpigie mwalimu mkuu simu, umshukuru, umweleze kama kuna kilichovunjika, na hapo hapo muulize Jumamosi gani ya likizo ijayo uwanja hauna mechi.